Mfuko Ugeuze Nyuma: Jinsi ya Kumchagulia Mbwa Wako Chakula Kikavu

Kabla hujauliza bei ya mfuko wowote, mpime mbwa wako. Panda kwenye mizani ya nyumbani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Kama ni mkubwa habebeki, mpime kwa daktari wa mifugo siku unayompeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa. Andika uzito huo. Andika na umri wake, kama amehasiwa au bado, na kazi anayofanya: anazunguka uani usiku kucha, anafuatana na wachungaji, au analala kibarazani akisubiri watoto warudi shule. Mambo haya manne ndiyo yatakayokuchagulia chakula. Picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa iliyochapwa mbele ya mfuko haina lolote la kukuambia.

Nasema hivi kwa sababu rafu za maduka ya pembejeo na ya vyakula vya wanyama, kuanzia Dar es Salaam na Arusha hadi Nairobi na Mombasa, zimejaa siku hizi. Kuna mifuko ya kutoka Ulaya, Uturuki na Afrika Kusini, kuna inayotengenezwa hapa hapa kwetu, na kuna magunia yaliyofunguliwa mdomo ambayo chakula chake huchotwa kwa kopo na kupimwa kilo kilo. Muuzaji ukimuuliza kipi kizuri, atakuonyesha kinachotoka haraka. Simlaumu, ndiyo biashara yake. Ila wewe ndiye utakayekuwa na mbwa huyo kwa miaka kumi na zaidi, kwa hiyo kazi ya kuchagua ni yako.

Je, unakihitaji?

Mbwa wengi wa Afrika Mashariki wamekua kwa ugali na dagaa, au omena kama wanavyoitwa Kenya, pamoja na makombo ya mezani. Sikidharau chakula hicho. Mbwa si kama paka ambaye lazima aishi kwa nyama. Tumbo lake linameng'enya vizuri wanga uliopikwa, na dagaa wana protini, mafuta mazuri na kalsiamu ya mifupa yao. Shida ni kwamba sufuria ya leo siyo ya kesho. Leo dagaa wamejaa, kesho kutwa ni ugali mtupu uliokorogwa na maji ya kuoshea sufuria. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda. Mtoto anayekua na jike anayenyonyesha hawawezi.

Anayechukua utumbo, maini na mapafu mabichi machinjioni anabeba na hatari nyingine. Ndani ya viungo vya kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia huweza kuwemo malengelenge ya tegu mdogo aitwaye Echinococcus. Mbwa akiyala, tegu hukomaa kwenye utumbo wake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtu akiyameza, hasa mtoto anayecheza na mbwa kisha akala bila kunawa, huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, inajulikana na madaktari duniani kote kwa ugonjwa huu. Nyama za namna hiyo zipikwe mpaka ziive kabisa au zisipewe mbwa.

Chakula kikavu kinaondoa mashaka hayo mawili kwa mpigo: kimepikwa kiwandani, na punje ya juu ya mfuko ina virutubisho vile vile vya punje ya chini. Lakini hayo ni kweli kwa chakula kilichotengenezwa sawasawa, kikahifadhiwa sawasawa mpaka kikakufikia.

Kusoma upande wa nyuma

Geuza mfuko. Karibu lebo zote zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo itakubidi uyatambue maneno machache kwa sura. La kwanza ni "complete". Likiwepo, mtengenezaji anasema kwamba chakula hicho, pamoja na maji tu, kinamtosha mbwa siku zote. Ukikuta "complementary", basi ni chakula cha kuongezea juu ya kingine, na mbwa akilishwa hicho peke yake kwa miezi atapungukiwa. Mifuko mingi ya bei ya chini sana haisemi lolote kati ya hayo mawili, na hapo ndipo ninapoirudisha rafuni. Wanaotumia unga wa mbwa wa kupika, ambao Kenya unauzwa sana, nao waulize jambo hilo hilo.

Karibu na neno hilo tafuta herufi AAFCO au FEDIAF. AAFCO ni chama cha maofisa wa udhibiti wa vyakula vya mifugo wa Marekani. FEDIAF ni shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani barani Ulaya. Hakuna kati yao anayekagua mfuko ulioshika mkononi wala kuupa cheti. Wanachofanya ni kutoa viwango vya chini vya virutubisho, na mtengenezaji anatamka kwamba amevifikia. Tamko hilo lina uzito kwa sababu linataja umri: "growth" ni kwa watoto wanaokua, "maintenance" ni kwa mbwa wazima, na "all life stages" ni kwa wote. Kosa la kawaida ni kumnunulia mtoto wa miezi mitatu mfuko wa mbwa wazima kwa sababu una kilo nyingi kwa bei nafuu. Kwa viwango vya AAFCO, mbwa mzima anahitaji chakula chenye protini isiyopungua asilimia 18 na mafuta asilimia 5.5, maji yakiwa yameondolewa kwenye hesabu. Mtoto anahitaji protini asilimia 22.5 na mafuta asilimia 8.5. Pengo hilo linaonekana dogo kwenye karatasi, ila kwa kiumbe kinachojenga mifupa na misuli kila saa ni kubwa.

Baada ya hapo kuna jedwali dogo la protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Majivu yasikutishe, ni madini yanayobaki chakula kikichomwa kwenye maabara, hakuna aliyechanganya jivu la jikoni. Wanga hauandikwi kwenye mifuko mingi, lakini unaupata kwa kutoa. Chukua mfuko wenye protini 24, mafuta 12, nyuzinyuzi 4, majivu 8 na unyevu 10. Jumlisha upate 58, utoe kwenye 100, zinabaki 42. Hizo ndizo asilimia za wanga. Kwa chakula kikavu hizo ni za kawaida, kwa sababu punje hazishikamani bila wanga. Ukipata zaidi ya 55, ujue unanunua nafaka iliyonyunyiziwa ladha ya nyama.

Orodha ya viambato imepangwa kwa uzito, kizito zaidi kikitangulia, na uzito huo ni wa kabla ya kupikwa. Hapa wengi hudanganyika. "Chicken", yaani kuku mbichi, akiwa wa kwanza kwenye orodha, kumbuka kuwa sehemu karibu tatu kwa nne za nyama yake ni maji yatakayotoka kiwandani. Akishakauka, kuku huyo anaweza kuwa nyuma ya mahindi yaliyoandikwa chini yake. "Chicken meal", yaani kuku aliyepikwa, akakamuliwa mafuta, akakaushwa na kusagwa, halivutii masikioni, lakini ni protini iliyokwisha poteza maji yake, na likiwa miongoni mwa matatu ya kwanza ni dalili nzuri. Angalia pia ujanja wa kugawa: mahindi, unga wa mahindi na pumba za mahindi zikiandikwa kama vitu vitatu, kila kimoja kinashuka chini ya nyama, wakati vyote vikijumlishwa vinaipita.

Jina la mnyama litajwe. Kuku, ng'ombe, kondoo, samaki, sawa. "Meat and animal derivatives" bila jina la mnyama maana yake mtengenezaji amejiachia uhuru wa kubadilisha kila soko linapobadilika, na mbwa mwenye tumbo jepesi ataujua mfuko mpya kabla yako. Kwa familia za Kiislamu za pwani zinazofuga mbwa wa ulinzi, kuna sababu ya ziada ya kusoma hapo: nyama isiyotajwa jina yaweza kuwa ya nguruwe, na ni mikono ya watu wa nyumba hiyo inayochota chakula hicho kila siku.

Kuhusu vyakula visivyo na nafaka, ambavyo sasa vinauzwa ghali kama vile mahindi na mchele ni adui wa mbwa, mimi sivipendekezi kwa mbwa asiye na tatizo lililothibitishwa na daktari. Mwezi Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa misuli ya moyo kutanuka, wengi wao wakiwa wamelishwa vyakula vya aina hiyo, vilivyojaa njegere na dengu mahali pa nafaka. Uchunguzi haukufikia kusema kwamba chakula ndicho kilichosababisha. Lakini kama faida yenyewe haijaonekana, na swali hilo bado halijapata jibu, sioni kwa nini mtu alipe zaidi.

Sumukuvu

Mahindi kwa mbwa si tatizo. Tatizo ni mahindi yaliyoota kuvu, na hapa naomba uniazime masikio, kwa sababu katika nchi zetu jambo hili ni kubwa kuliko hesabu zote za protini.

Kuvu aina ya Aspergillus huota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, au hata shambani wakati wa ukame, nao hutoa sumukuvu, ambayo Kenya huitwa aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1977 na 1978, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sababu ya nafaka zilizohifadhiwa vibaya. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika haraka zaidi na sumu hii, na anayelishwa chakula kile kile kila siku hapati nafasi ya kupumzika nayo. Mahindi mabovu yanayokataliwa kwa watu, kwa desturi mbaya iliyozoeleka, husukumwa kwenye vyakula vya mifugo. Anayemsagia mbwa wake mahindi yaliyooza "kwa sababu ni ya mbwa tu" anamuua taratibu.

Kupika hakusaidii. Sumukuvu inavumilia joto la ugali na, kwa sehemu kubwa, hata joto la mashine za kiwandani zinazofinyanga punje. Wala si balaa la viwanda vidogo pekee: mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni moja ya Marekani ililazimika kuanza kurudisha vyakula vyake vikavu kutoka madukani baada ya mbwa kufa, na vifo vilivyoripotiwa baadaye vikapita 70, vipimo vikionyesha sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa nchini humo, yaani sehemu 20 katika kila sehemu bilioni moja.

Dalili zake huanza kimya. Mbwa anakataa chakula alichokuwa akikipenda, anazubaa, anatapika. Kisha fizi na weupe wa macho hugeuka manjano, mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi, na kinyesi huweza kutoka na damu. Ukiona manjano, usingoje kesho. Acha chakula hicho papo hapo, usikitupe, mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo ukiwa na mfuko mkononi.

Kwa macho huwezi kuiona sumu yenyewe, ila unaweza kukimbia mazingira yanayoizaa. Ndiyo maana nasema bila kusita: usinunue chakula cha kuchotwa kwenye gunia lililo wazi. Gunia hilo limekaa mdomo wazi kwa muda usiojulikana, mvua ikinyesha linavuta unyevu, panya wanapita, na lebo yenye tarehe ilishatupwa. Nafuu ya bei kwa kilo ni ndogo, na mara nyingi haipo kabisa ukipiga hesabu ya mfuko mzima. Kama fedha ya mfuko wa kilo 15 haipatikani kwa mara moja, nunua mfuko mdogo uliofungwa kiwandani, au mshirikiane na jirani mwenye mbwa wa umri ule ule mgawane mfuko siku ile ile unapofunguliwa.

Dukani, ushike mfuko

Usikubali kuletewa mfuko ukiwa umeshafungwa ndani ya mfuko mwingine. Ushike. Pitisha kiganja pembeni na chini, ambako panya hutoboa na wadudu huingia. Tazama mshono wa juu: uzi wa kiwandani umenyooka, matundu yake yako sawa, na hakuna mstari wa pili wa matundu unaoonyesha kwamba mfuko uliwahi kufunguliwa ukashonwa tena. Doa la mafuta lililopenya karatasi linaonyesha kuwa mfuko ulikaa juani au karibu na bati la paa, na mafuta hayo yameanza kuchacha. Ukiuminya kwa vidole, punje zicheze kila moja peke yake. Zikiwa zimeshikana donge, unyevu umeingia. Mwisho tafuta tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Tarehe iwe mbele kwa miezi mitatu angalau, na isiwe imebandikwa karatasi juu ya nyingine. Kwa chakula kinachotengenezwa hapa, tafuta alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya.

Nyumbani, fungua mfuko unuse. Chakula kizuri kinanukia nafaka na mafuta ya nyama, harufu ya wastani. Harufu ya rangi ya mbao au ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi ni ya mafuta yaliyochacha. Harufu ya ukungu ni sababu tosha ya kuurudisha mfuko dukani, na duka linalokataa kuupokea usilirudie wewe.

Chakula kisimwagwe kwenye ndoo. Kiache ndani ya mfuko wake, kunja mdomo, kisha weka mfuko wote ndani ya ndoo au pipa lenye mfuniko unaobana. Mafuta ya chakula hugandamana kwenye kuta za ndoo ya plastiki, yakachacha, na kila mfuko mpya unaomiminwa juu yake unarithi uchafu huo. Ndoo isikae moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji wala karibu na jiko. Ukiwa Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, joto na unyevunyevu wa hewa vinafupisha maisha ya chakula, kwa hiyo nunua kiasi kitakachoisha ndani ya wiki nne tangu kufunguliwa. Bara, kwenye baridi ya Njombe au Limuru, wiki sita zinawezekana.

Mtoto wa jamii kubwa, na kalsiamu

Ukifuga German Shepherd, Rottweiler, Boerboel au mbwa yeyote atakayefika kilo 32 na kuendelea akiwa mzima, soma sehemu hii mara mbili.

Imani iliyoenea kwa wafugaji wetu ni kwamba mtoto wa mbwa mkubwa aongezewe kalsiamu ili masikio yasimame na miguu iwe minene. Anaandikiwa vidonge, anapewa unga wa mifupa, maganda ya mayai yaliyosagwa na maziwa kila asubuhi juu ya chakula kikavu ambacho tayari kina kalsiamu ya kutosha. Masikio ya German Shepherd husimama kwa gegedu na urithi wa wazazi wake, na wakati wa kuota meno huweza kulala tena kwa wiki kadhaa bila ubaya wowote. Kalsiamu ya ziada haiyanyanyui. Inachofanya ni kuharibu mifupa, kwa sababu mtoto wa mbwa chini ya miezi sita hana uwezo wa kuikataa kalsiamu asiyoihitaji; utumbo unaipokea sehemu kubwa ya inayoletwa, nayo inavuruga ukuaji wa viungo. Matokeo ni miguu iliyopinda, maumivu ya mabega na viwiko, na mbwa anayechechemea kabla hajatimiza mwaka.

Kwa hiyo mnunulie chakula kilichoandikwa wazi kuwa ni cha watoto wa jamii kubwa. Viwango vya AAFCO kwa watoto hao vinataka kalsiamu isiyopungua asilimia 1.2 wala kuzidi 1.8, na iwe kati ya mara moja na mara mbili ya fosforasi. Lebo nzuri inaonyesha namba zote mbili. Ukishakipata, usiongeze kitu. Na usimnenepeshe. Mtoto mkubwa anayekua polepole, mbavu zake zikipapasika, anafika ukubwa ule ule aliorithi, ila anaufikia akiwa na nyonga na viwiko vizima. Chakula cha watoto aendelee nacho mpaka miezi 12 hadi 18, jamii ndogo waweza kuhama mapema zaidi, kati ya miezi 9 na 12.

Kiasi gani, na gharama gani

Jedwali la kulishia lililochapwa kwenye mfuko ni pa kuanzia tu, na kwa mbwa wengi wa nyumbani lina ukarimu kupita kiasi. Hesabu ya madaktari wa mifugo ni hii, na simu yako inaiweza: zidisha uzito kwa uzito kwa uzito, tafuta kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo, halafu zidisha kwa 70. Mbwa wa kilo 20 anakupa kilokalori 662 hivi, ambazo ni za kupumua na kulala tu. Zidisha kwa 1.6 kama amehasiwa, kwa 1.8 kama hajahasiwa; unapata 1,060 au 1,190 kwa siku. Mtoto chini ya miezi minne zidisha kwa 3.

Nguvu ya chakula huandikwa kwenye lebo. Isipoandikwa, rudi kwenye lile jedwali: protini zidisha kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, wanga kwa 3.5, ujumlishe. Mfuko wetu wa mfano wa 24, 12 na 42 unatoa kilokalori 333 kwa kila gramu 100. Mbwa wa kilo 20 aliyehasiwa anahitaji gramu 320 hivi za chakula hicho kwa siku. Pima mara moja kwa mizani ya jikoni, weka alama kwenye kopo, ndipo uendelee kwa kopo. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, hasa kwa mbwa wenye kifua kirefu ambao tumbo lao huweza kujaa gesi na kujipinda wakila mlo mmoja mkubwa kisha wakakimbia. Mtoto mdogo ale mara tatu au nne.

Hesabu hiyo pia inakufichulia bei halisi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, mfuko wa kilo 15 wenye kilokalori 420 kwa gramu 100 ni shilingi 100,000, na mwingine wa uzito huo huo wenye 320 ni shilingi 80,000. Mbwa anayehitaji kilokalori 1,000 atakula wa kwanza kwa siku 63 na wa pili kwa siku 48. Gawanya: wa kwanza ni shilingi 1,590 kwa siku, wa pili 1,670. Aliyechukua wa 80,000 amelipa zaidi, na ataokota kinyesi kingi zaidi. Linganisha gharama kwa siku, siyo kwa kilo wala kwa mfuko.

Kisha acha karatasi, utumie vidole. Kila baada ya wiki mbili simama nyuma ya mbwa, weka viganja ubavuni, pitisha vidole bila kukandamiza. Mbavu uzihesabu kwa urahisi chini ya utando mwembamba wa nyama. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kiingie ndani baada ya mbavu. Mbavu zikionekana kwa mbali, ongeza sehemu moja katika kumi. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, punguza kiasi hicho. Hili si suala la urembo. Utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi.

Kuna na wanaomshindisha mbwa wa ulinzi njaa wakiamini kwamba akishiba halindi. Mbwa mwenye njaa hutoroka kutafuta jalala, na ndiye anayeokota nyama ya sumu inayorushwa juu ya ukuta. Mlishe kipimo chake jioni mapema, apumzike, ndipo umfungulie.

Kumhamisha

Chakula kipya kisiingizwe kwa siku moja. Robo mpya na robo tatu ya zamani kwa siku mbili au tatu, nusu kwa nusu siku nyingine kama hizo, kisha robo tatu mpya, mpaka ifike wiki moja au siku kumi. Anayetoka kwenye ugali na dagaa atatazama bakuli kwa mashaka. Loweka punje kwa maji ya uvuguvugu, harufu itamvuta. Usimmwagie mchuzi. Vitunguu maji na vitunguu saumu, viwe vibichi au vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na hakuna mchuzi wa kwetu usio navyo. Vya kuongezea, hata vikiwa vizuri kama yai la kuchemsha, visizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu anayohitaji kwa siku, la sivyo ule uwiano uliolipia unavunjika.

Maji yawepo saa zote. Chakula kikavu kina unyevu asilimia 10 tu, hivyo mbwa wa kilo 20 anahitaji lita moja au zaidi kwa siku, na kwenye joto la pwani zaidi ya hapo.

Mpe chakula kipya wiki sita hadi nane kabla ya kukihukumu, isipokuwa akiharisha au kutapika mfululizo. Kinyesi kigumu kiasi cha kuokoteka bila kuacha alama chini, manyoya yasiyokatika ovyo, na uzito usiopanda wala kushuka ni ushahidi kuliko tangazo lolote. Akijikuna, usikimbilie kulaumu kuku aliye ndani ya chakula. Hapa kwetu viroboto, kupe na upele ndivyo vya kutibu kwanza. Na kwa mzee mwenye figo au ini linalosumbua, chakula kichaguliwe na daktari wa mifugo baada ya kupima damu.

Jambo moja la mwisho, la bure kabisa. Kila unapofungua mfuko, kata kipande chenye namba ya toleo na tarehe, andika siku uliyoufungua, ukibandike kwenye ndoo mpaka mfuko uishe. Mbwa akiugua, kipande hicho kitamwambia daktari alikula nini hasa, na kitawezesha wenye mifuko ya toleo hilo waonywe kabla mbwa wao hawajafikwa.